Chepsaita Hakuna Vuli: Kwa Nini Mwanafunzi wa Kiswahili Aende Shambani

Wengi wetu tuliosomea Kiswahili katika shule za Kenya tunalikumbuka somo la majira. Tulifunzwa kwamba masika ni mvua kubwa za Machi hadi Mei, kipupwe ni baridi ya katikati ya mwaka, vuli ni mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba, na kiangazi ni jua kali lifuatalo. Tuliyakariri hayo, tukayaandika katika mtihani, tukapewa alama. Ni wachache miongoni mwetu waliouliza majira hayo ni ya nani. Aliyezaliwa Tanga, Lamu au Unguja hana haja ya kuuliza, kwani ndiyo yanayompangia wakati wa kulima na wakati wa kuvua. Lakini mtoto wa Uasin Gishu anapoandika kwamba Oktoba huleta vuli, anaandika jambo ambalo kwao halipo. Katika nyanda hizi mvua huanza Machi, ikaendelea hadi Septemba au Oktoba pasi na kukoma kwa muda mrefu. Kifuatacho ni ukavu, na ukavu huo ndio rafiki wa mkulima, maana ndio unaoyakausha mahindi yake. Mvua ikinyesha Novemba hapa petu, hakuna anayeishangilia.

Nimeandika haya baada ya kukaa mwishoni mwa juma katika kijiji cha Chepsaita wakati wa mavuno, nikiwa mgeni wa jamaa za mwanafunzi mwenzangu. Sikwenda kule kutafuta hoja. Nilikwenda kusaidia kazi na kula ugali wa mahindi mapya. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi haachi masikio yake chuoni. Nilichokisikia kwa siku hizo tatu kimenithibitishia rai ambayo naomba kuiweka mbele ya wasomaji wa jarida hili: kwamba Kiswahili cha wakulima wa nyanda za juu ni hazina ambayo sisi wanafunzi na walimu wa lugha hii tumeipuuza, na kwamba kuipuuza kuna hasara kwa kamusi zetu, kwa uhakiki wetu, na hata kwa maisha ya watu.

Kwanza nimwelekeze msomaji asiyelijua eneo lenyewe. Chepsaita iko Turbo, katika kaunti ya Uasin Gishu. Kutoka Eldoret mtu hufuata barabara kuu iendayo Webuye na Malaba, mwendo wa kilomita 35 hivi hadi mji wa Turbo, kisha huiacha barabara hiyo na kupanda bodaboda. Asitarajie mlima wenye kilele kama Elgon. Hizi ni nyanda zilizoinuka. Eldoret yenyewe iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za huku humfanya mgeni kutoka pwani akae karibu na jiko. Miaka ya karibuni jina la Chepsaita limetangaa kutokana na mashindano ya mbio za nyika yaitwayo Great Chepsaita. Wanariadha wakishaondoka, kijiji hurudi katika shughuli zake: mahindi, ng'ombe wa maziwa, na safari za sokoni.

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna mazoea ya kukiita kijiji kama hiki pembezoni. Mazoea hayo tumeyapata vitabuni. Katika riwaya nyingi za Kiswahili tulizozisoma, kijiji ni mahali pa kuondoka. Katika Shida ya Ndyanao Balisidya, iliyotoka mwaka 1975, vijana wanakiacha kijiji na kuufuata mji. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, binti anatoka nyumbani Ukerewe, na masomo yanampeleka katika ulimwengu ambao malezi ya baba yake hayakumwandaa kuukabili. Hata pale kijiji kinapokuwa kiini cha kitabu, kama katika Gamba la Nyoka ya mwaka 1979, aghalabu tunakihakiki kama uwanja wa siasa, yaani siasa ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Kilio cha Haki cha Alamin Mazrui, tamthilia ya mwaka 1981, kinatupeleka shambani kwa mlowezi, nasi tunaandika insha juu ya unyonyaji na uongozi wa mwanamke. Hayo yote ni ya haki kabisa. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuandika ukurasa mmoja juu ya kazi yenyewe: jembe linashikwaje, zao linavunwaje, na wafanyao kazi hiyo wanaiita nini?

Nitoe mfano mmoja uliotushughulisha Jumamosi nzima. Mahindi ya Uasin Gishu ni ya mbegu chotara zilizozalishwa Kitale, kama ile maarufu ya H614, na hukaa shambani miezi sita au zaidi. Yakishakomaa, hayavunjwi mara moja. Mabua hukatwa karibu na ardhi yakiwa bado na mahindi yake, kisha hukusanywa na kusimamishwa yakiegemeana, vilele juu, mfano wa kibanda kidogo. Shamba zima hujaa vibanda hivyo, navyo huachwa vipigwe na jua na upepo kwa majuma kadhaa. Mtu anayesafiri kati ya Eldoret na Kitale mwezi wa Novemba huviona kila upande.

Niliuliza: kibanda hiki kinaitwaje? Kijana mmoja alinipa neno la Kiingereza alilolivika kiambishi cha Kiswahili. Nyanya wa nyumba ile, ambaye wote pale tulimwita Kogo kama wajukuu wake wamwitavyo, akanipa neno la Kinandi. Jirani Mbukusu aliyekuja kusaidia akanipa la kwao. Kisha wote watatu wakanigeukia. "Wewe ndiwe mwalimu wa Kiswahili," akasema yule jirani, "tuambie."

Neno lundo halifai, kwa kuwa lundo ni vitu vilivyorundikwa bila mpango, na huku kuna mpango. Tita halifai, kwa kuwa tita hufungwa. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa akitusikiliza ndiye aliyeikaribia maana zaidi. Alisema hivi ni kama miganda ya Yusufu, ile iliyomsujudia katika ndoto. Nikakiri moyoni kwamba mzee yule amenishinda katika fani yangu. Mganda ni neno la kale la mashuke au mabua yaliyokusanywa pamoja, nasi wengi tunalijua kupitia Biblia tu. Swali likawa je, tulipanue neno mganda lichukue pia mabua ya mahindi yaliyosimamishwa bila kufungwa, au tukubali moja ya maneno matatu yanayotumika tayari? Hilo ni swali halali la isimu na la leksikografia. Liliulizwa na kujadiliwa na watu wanne waliosimama kwenye mabua, mmoja wao tu akiwa na shahada.

Mifano mingine ni mingi. Kitabuni mahindi hupukuchuliwa kwa vidole au hupurwa kwa fimbo. Chepsaita mahindi ya nyumbani hupukuchuliwa, lakini ya kuuza hupigwa, na anayeyapiga ni mashine inayozungushwa kutoka shamba hadi shamba. Kitenzi kupiga, ambacho tayari kinabeba pasi, simu, picha na kura, kimeongezewa mzigo mwingine, na hakuna aliyetuomba ruhusa. Magunzi yanayobaki ni kuni, mabua ni chakula cha ng'ombe, na punje huanikwa juu ya turubai hadi mtu azitafune na kuamua kwa sauti ya meno kama zimekauka. Maziwa nayo huhifadhiwa katika kibuyu kilichopakwa ndani masizi ya mkaa wa mti maalumu, nayo huitwa mursik. Kuyaita mtindi, kama nilivyowahi kuona ikifanywa katika tafsiri fulani, ni kumpunja msomaji, maana mtindi wowote unaweza kuganda, lakini mursik bila kibuyu na mkaa haipo. Nadhani neno hilo limekwisha kuwa la Kiswahili cha Kenya. Kila mwanariadha anaporejea na nishani, watangazaji hulitaja pasi na kulifafanua.

Hapa huenda msomaji akauliza: maneno haya si ya Kinandi tu, yaliyosemwa na Wanandi? Yanatuhusu nini sisi? Jibu liko katika kundi la wavunaji lenyewe. Katika shamba lile siku ile walikuwemo Wanandi, Wabukusu, na kijana mmoja Mturkana aliyekuja kutafuta kibarua. Turbo inapakana na Lugari ya kaunti ya Kakamega, na kwa miaka mingi watu wa jamii mbalimbali wamelima, wamefanya biashara na wameoana katika eneo hili. Lugha iliyowaunganisha katika kazi ilikuwa Kiswahili. Kilikuwa na lafudhi tatu, na upatanisho wa ngeli ambao mhadhiri wangu angeuwekea wino mwekundu, lakini kilipanga kazi, kikahesabu magunia, kikagawa malipo na kikachekesha watu. Kwa mintarafu hiyo Chepsaita haiko pembezoni mwa Kiswahili hata kidogo. Ni mahali ambapo Kiswahili kinahitajika kila siku, tena na watu ambao hawakizungumzi ili wapate alama.

Sitaki kulipamba jambo hili kupita kiasi. Uasin Gishu inajua jinsi ujirani unavyoweza kuvunjika. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu waliuana katika kaunti hii ambao walikuwa wameazimana majembe, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, liliteketezwa likiwa na watu waliokuwa wamekimbilia humo. Kiswahili hakikuyazuia hayo, kwani waliochoma na waliochomewa wote walikijua. Kwa hiyo sisemi kwamba lugha moja inatosha kuleta amani. Ninasema tu kwamba pale ambapo majirani wamerudi kushirikiana katika kazi, maneno ya kazi hiyo yanastahili heshima ya kuandikwa.

Najua pia pingamizi la wenzetu wa pwani na wa visiwani. Watasema Kiswahili kina wenyewe, na kwamba tukifungua mlango kwa kila kijiji cha bara tutaishia na lugha isiyo na sura. Pingamizi hili si la kudharauliwa. Lakini tukumbuke historia. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Waliochagua walichagua lahaja moja kwa sababu za utawala na za elimu, na pamoja na lahaja hiyo tukarithi majira yake, pepo zake, minazi yake na mikarafuu yake. Ni urithi tunaojivunia. Hata hivyo lahaja yenyewe haikuwa imefunga milango: ilikwisha kupokea maneno kutoka Arabuni, Uajemi, Bara Hindi na Ureno, kila moja likifuata bidhaa yake bandarini. Iwapo neno liliingia kwa sababu ya jahazi, ni kwa nini lisiingie kwa sababu ya mahindi, chakula cha Wakenya wengi? Sanifu ni msingi, na msingi huwekwa ili watu wajenge juu yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu, nalo nalipata ndani ya nyumba ile ile. Wajukuu wa Kogo wanamjibu kwa Kiswahili. Yeye huwaambia jambo kwa Kinandi, nao huelewa, lakini jibu huja kwa lugha ya shuleni na ya runinga. Hakulalamika, alicheka tu na kusema kwamba siku hizi ana wajukuu wageni. Je, mwanafunzi wa Kiswahili aendaye kijijini haendi kuongeza kasi ya jambo hilo? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na katika kifungu hicho hicho imeitaka serikali ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za wananchi. Naona wajibu huo unatuhusu na sisi. Neno la Kinandi tunalolipokea katika Kiswahili tuliandike kwamba ni la Kinandi, pamoja na maana yake kwao, ili mjukuu akilikuta kamusini ajue limetoka kwa nyanya yake. Kiswahili kinachokopa kwa wazi na kumtaja aliyekopesha hakiui lugha jirani. Kinachoua ni kile kinachomfunza mtoto kwamba maneno ya nyumbani hayana kazi.

Nisieleweke kwamba msomi huenda kijijini kuchukua tu. Yapo ya kupeleka. Jumapili baada ya ibada mazungumzo yaligeukia mahindi yaliyoanikwa yakanyeshewa. Wenyeji wangu wanajua kwamba mahindi yenye unyevu huota ukungu, na wanajua kwamba Bodi ya Nafaka hukataa mahindi yenye unyevu uliozidi asilimia 13.5. Redioni wamesikia pia jina la sumu iletwayo na ukungu huo, aflatoksini, lakini jina hilo liliwapita kama jina la dawa. Nikawaambia kwamba kwa Kiswahili inaitwa sumukuvu. Kogo alilirudia mara mbili. Kuvu alilijua, sumu alilijua, na akasema neno hilo halihitaji mkalimani. Kisha akamwita mjukuu wake mkubwa na kumwonyesha magunzi yaliyokuwa na rangi ya kijani kwa ndani, akamwambia hayo yasichanganywe na ya kula, yana sumukuvu.

Tusilichukulie hilo kama mchezo wa istilahi. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui na maeneo jirani mashariki mwa Kenya, watu 317 waliripotiwa kuugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Sidai kwamba neno lingewaokoa wote. Ukame, njaa na ghala mbovu vina sehemu yao kubwa. Lakini onyo lisiloeleweka si onyo, na sisi tunaokaa maktabani tukijadili uundaji wa istilahi tunapaswa kujiuliza ni ngapi kati ya istilahi hizo zimewahi kufika kwenye turubai la kuanikia mahindi. Sumukuvu ni neno zuri lililoundwa na wataalamu. Viwavijeshi ni jingine, nalo lilikuwa tayari pale wadudu wapya wa jamii hiyo walipoingia katika mashamba yetu mwaka 2017. Maneno kama haya yanahitaji mtu wa kuyabeba, na mtu huyo anaweza kuwa mwanafunzi.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, vyama vyetu vya Kiswahili, ambavyo hutumia fedha kwa makongamano na vyakula vya makongamano, vitenge miisho miwili ya juma kila mwaka, mmoja wakati wa kupanda na mmoja wakati wa kuvuna, wanachama waende vijijini kufanya kazi na kusikiliza. Sisi tunaosomea Uasin Gishu hatuna udhuru, kwani Kesses na Chepsaita ni kaunti moja. Pili, kila aendaye abebe daftari la maneno: neno, maana yake, sentensi aliyoisikia, lugha linakotoka, na kijiji alikolipata. Madaftari hayo yakusanywe idarani, na baada ya miaka kadhaa watunga kamusi watakuwa na kitu cha kushika. Tatu, nakala ya kila kilichokusanywa irudishwe katika shule ya msingi ya kijiji kile, ili walimu waitumie. Nne, watunzi wa vitabu na wa mitihani waliangalie upya somo la majira. Vuli ibaki, kwani ni mali yetu sote, lakini mtoto wa nyanda za juu aulizwe pia mvua za kwao huanza lini na mahindi ya kwao hukauka lini, naye apewe maneno ya kujibia.

Kuna watakaosema kwamba siku tatu ni chache mno kwa utafiti. Ni kweli, nami sijaziita utafiti. Mwanafunzi wa uzamili atakayetaka kuandika tasnifu juu ya Kiswahili cha wakulima itambidi akae msimu mzima, ajifunze Kinandi au Kibukusu kwa kiasi, na awe na subira ya mtu anayengoja mahindi. Lakini siku tatu zinatosha kumwonyesha mtu kwamba kazi ipo. Marehemu Ken Walibora, aliyekulia Trans Nzoia, katika mashamba ya aina hii hii, alimsafirisha mhusika wake Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale katika Siku Njema, riwaya iliyochapishwa mwaka 1996. Tunaisifu riwaya hiyo kwa Kiswahili chake, na tunasahau kwamba aliyeiandika alikipata Kiswahili hicho mbali sana na bahari. Mwandishi wa namna hiyo huenda yuko Chepsaita sasa hivi, anapukuchua mahindi na kumjibu nyanya yake. Atakapoanza kuandika, atahitaji kamusi inayojua kwao kunavunwaje. Shime, wenzangu, msimu wa kupanda ukifika tuwe tumekwisha kupanga safari.